Kwa jicho au kwa sikio? Vitabu vyetu vya zamani, kimoja kimoja

Kikundi chetu cha usomaji hapa Tanga kina watu tisa, na tumegawanyika pande mbili. Watano hushika kitabu. Wanne husikiliza: mmoja ni dereva wa lori, mmoja ni mama lishe ambaye mikono yake kutwa iko kwenye unga, mmoja macho yamempungua kwa kisukari, na wa nne, mwalimu mstaafu, anasema maneno humkaa zaidi akiyasikia. Sauti tunazipata tunapoweza: rekodi chache zilizopo mitandaoni, kaseti za zamani zilizohamishiwa kwenye simu, na mara nyingi zaidi ni mimi mwenyewe ninayeketi chumbani usiku, nikimsomea mwenzetu mwenye macho dhaifu sura moja moja na kumrekodia kwa simu.

Wageni wanaojiunga nasi huuliza kila mara: nianze kwa kusoma au kwa kusikiliza? Zamani nilikuwa najibu haraka, soma. Sasa huuliza kwanza: kitabu gani? Kwa sababu kazi zetu za zamani hazikutungwa kwa njia moja, na kazi inayong'aa sikioni inaweza kufifia kwenye karatasi, na kinyume chake.

Kwanza niondoe jambo moja njiani. Wapo wanaosema anayesikiliza hajasoma, amesimuliwa tu. Kauli hii inaniumiza, na si kwa sababu ya mwenzetu yule mwenye macho dhaifu peke yake. Vitabu vya kusikiliza kama tunavyovijua vilianza miaka ya 1930 huko Marekani na Uingereza, vikiwa kwenye sahani za santuri, kwa ajili ya watu wasioona, wakiwemo askari waliopoteza macho katika Vita Kuu ya Kwanza. Watu wale hawakuwa wavivu. Na sisi wa pwani ndio wa mwisho kabisa kupaswa kusema maneno hayo, maana fasihi yetu ya kale ilipita masikioni kwa mamia ya watu kabla ya kufika machoni kwa mtu mmoja.

Tendi za kale

Chukua Utendi wa Mwana Kupona. Mwana Kupona binti Msham, aliyekuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siu katika kisiwa cha Pate, aliutunga mnamo 1858 akiwa mgonjwa, kama wasia kwa binti yake Mwana Hashima. Katika ubeti wa kwanza kabisa anamwambia binti: upulike, yaani usikilize. Kazi yenyewe inakuambia uipokee kwa kiungo gani.

Ukiusoma kimya kimya, utaona maneno magumu ya Kiamu, lahaja ya Lamu, utaona mafundisho ya ndoa yatakayokuudhi au kukupendeza kwa kadiri ya malezi yako, basi. Ukiusikia ukighaniwa, unapata kitu kingine kabisa: mama anakufa na anaharakisha kusema. Kila kipande kina mizani 8, kila ubeti vipande 4, vitatu vya kwanza vikikubaliana kwa kina chao, cha nne kikirudi kwenye kina kilekile cha utendi mzima, -ia. Jicho huizoea ile -ia baada ya beti kumi na kuiruka. Sikio haliwezi kuiruka. Inarudi kama mtu anayekugonga begani, na ukifika ubeti wa sabini umeshaanza kuingoja.

Muda nao si tatizo. Nimejaribu kwa saa ya mkononi: ubeti mmoja, kwa mwendo wa taratibu, huchukua kama sekunde 12. Utendi huu una beti mia na ushei, basi ni dakika 20 na kitu. Mama lishe wetu huumaliza kabla maharage hayajaiva.

Lakini hapa ndipo sikio peke yake linapokwama. Katika ubeti wa tatu Mwana Kupona anamwita bintiye: *ndoo mbee ujilisi*. Sisi wa Mrima tukisikia *ndoo* tunaona chombo cha maji. Kwa Kiamu ni njoo: njoo mbele uketi. Dereva wetu alisafiri nalo neno hilo hadi Korogwe akijiuliza ndoo imeingiaje katika wasia wa mama mgonjwa. Mwenye kitabu chenye maelezo chini ya ukurasa alilimaliza kwa kutupa jicho tu.

Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir inahitaji karatasi zaidi. Inaomboleza kuporomoka kwa Pate, na msamiati wake ni wa mji uliokuwa tajiri: taa, mito ya kulalia, vyombo vya kichina, na *madaka*, yaani vile vishubaka vya ukutani vilivyopangwa sahani, ambamo sasa wanalala makinda ya ndege. Mtu asiyejua *nyuni* ni ndege hatauona msiba wenyewe. Ila kuna jambo ambalo karatasi haikuonyeshi. Kila mstari una mizani 11 na unapumua baada ya ya 6: *nyumba zao mbake*, pumzi, *ziwele tame*, yaani nyumba zao zilizong'aa zimekuwa mahame. Msomaji wa kimya hukimbia juu ya pumzi ile. Mghani mzuri huisimamisha, na katika kimya kile kifupi ndipo unapoiona nyumba ilivyo tupu.

Kwa tendi za kale basi ushauri wangu ni huu: sikiliza mara moja bila kuelewa kila kitu, soma mara moja ukiwa na maelezo, kisha sikiliza tena. Ukiwa na nafasi ya mara moja tu, sikiliza. Wenzetu wa Lamu hawakuiacha njia hii hata ilipokuja teknolojia mpya: tungo za Ustadh Mahmoud Mau, mshairi wa Lamu aliyezaliwa 1952, zilienea kwa kaseti watu wakizisikia majumbani mwao.

Ule Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert ni habari nyingine. Beti 3,000. Kwa hesabu yangu ya sekunde 12 ni saa 10 za kughani, na sijamwona mtu aliyeumaliza kwa jicho katika mkao mmoja wa maisha yake. Sisi tuligawana, kila mtu beti 100, kila mtu anazirekodi kwa sauti yake. Tumefika ya 900. Sauti zinabadilika, za kiume na za kike, ya mzee na ya kijana, na vita vile vya 1939 hadi 1945 vinasikika kama habari inayopita mdomo hadi mdomo.

Kusadikika: hapa nashika kitabu

Mgawanyiko wetu ulianza na Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka 1951. Wote mnaikumbuka: nchi inayoelea angani, Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kutaka kuanzisha elimu ya uanasheria, na katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, zile nne tuzijuazo pamoja na mbinguni na ardhini, wakarudi na manufaa wakalipwa mateso.

Jumamosi ile wasikilizaji walifika wakiwaka. "Dada, huyo Majivuno," dereva aliniambia kabla hata hajaketi, "nilitamani nisimamishe lori nishuke nimshike shati." Wasomaji walifika na vikaratasi. Tulipoanza kuzungumza, wasikilizaji walikuwa na hasira na hawakuwa na majina. Mjumbe wa nne alikuwa nani? Aliona nini huko alikokwenda? Walikuwa wamewachanganya, na siwalaumu, maana hadithi zile sita zina umbo linalofanana: anatumwa, anataabika, anarudi, anafungwa. Sikioni zinafuatana kama mawimbi, la tatu huwezi kulitenga na la nne.

Kwenye ukurasa unasimama. Unatazama majina: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa, Amini. Kila moja lina maana, na maana hiyo ni sehemu ya kesi. Buruhani ni hoja iliyo wazi. Auni ni msaada. Nchi inaitupa gerezani hoja, inautupa msaada, inatupa ridhaa yenyewe. Hili halikutajwa na msikilizaji hata mmoja. Lilitajwa na msomaji aliyekuwa amechora mstari kwa penseli chini ya kila jina. Kitabu kiliandikwa chini ya ukoloni na kinasema kwa fumbo, na fumbo linahitaji mtu arudi nyuma, alikodolee macho, aliache, alirudie. Kurudi nyuma kwenye sauti ni kubahatisha: unasukuma kidole, unaangukia katikati ya sentensi nyingine.

Basi kwa Kusadikika, na kwa Kufikirika vilevile, nunua kitabu. Ni chembamba, kinaingia mfukoni. Lakini nimeona pia kwamba utetezi wa Karama ukisomwa kwa sauti unapanda juu kuliko ukisomwa kimya. Shaaban Robert alikuwa mshairi hata alipoandika nathari. Sentensi zake zina sehemu mbili zinazopimana kama mizigo ya mzegazega. Soma kitabu chote kwa jicho, kisha sura moja uisome kwa mdomo wako mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa kama unaona haya.

Kitabu kinachodai vyote viwili

Wasifu wa Siti binti Saad, wa 1958, una ajabu yake. Ni kitabu kuhusu sauti. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na 1880, hakupata shule, na mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri, sauti yake ikarudi Afrika Mashariki ikiwa imetangulia jina lake. Shaaban Robert anamsifu ukurasa baada ya ukurasa, na wewe unayesoma unakaa kimya chumbani na hujamsikia.

Usikubali. Rekodi zake kadhaa zimesalimika na zinapatikana. Nilipokisoma mara ya pili nilikuwa nasoma kurasa kumi, naweka kitabu chini, nasikiliza wimbo mmoja wenye mikwaruzo, narudi. Sifa za mwandishi ziliacha kuwa maneno makubwa, nikaanza kuzihakiki. Hapa sitachagua upande. Anayesoma tu amepata nusu, na anayesikiliza nyimbo tu hajui jinsi mtoto wa wafinyanzi alivyofika pale.

Tamthilia

Hapa sina maneno mengi. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ya 1969, iliandikwa isemwe. Tafsiri mbili za Mwalimu Nyerere kutoka kwa Shakespeare, Juliasi Kaizari ya 1963 na Mabepari wa Venisi ya 1969, vilevile. Kuzisoma kimya ni kutazama jungu la pilau bila kulifunua. Kama hakuna rekodi, gawaneni wahusika mzisome kwa pamoja. Sisi tulifanya hivyo na Kinjeketile, na mama lishe wetu, ambaye hajawahi kupanda jukwaani, alisoma nafasi ya Kinjeketile mwenyewe. Alipofika pale anapobanwa akubali kwamba maji si dawa, sauti ilimkatika. Tulinyamaza wote. Hakuna karatasi itakayonipa hilo.

Bwana Msa

Riwaya za upelelezi za Muhammed Said Abdulla ndizo zilizonitia shaka zaidi. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki ya 1957 hadi 1958, ikachapwa 1960, na mpelelezi wake, Bwana Msa na kiko chake, hajapata mpinzani mpaka leo.

Akili inasema soma, kwa sababu upelelezi ni kukusanya dalili, na dalili unataka kurudi uichunguze. Nilipojaribu, niligundua kinyume. Kwanza, msomaji wa kitabu ana kishawishi cha kufunua kurasa za mwisho, na mimi nimeshindwa mara nyingi na kishawishi hicho. Sauti inakushika mkono ikuongoze kwa mwendo wake. Pili, nusu ya utamu wa kazi zile ni mazungumzo: Kiunguja cha mitaani, mtu na mwenzake wakipigana vijembe kwa adabu, Bwana Msa akimvuta rafiki yake Najum polepole aone alichokiona yeye. Msomaji mwenye ulimi wa Unguja akiyasoma hayo, unaketi nao barazani. Kwa hiyo Bwana Msa msikilize, hasa ukiwa safarini. Ukimaliza, kama unataka kujua mwandishi alikuzungukaje, ndipo ushike kitabu uzifuate dalili kwa kidole.

Kezilahabi

Euphrase Kezilahabi anagawanyika mwenyewe. Rosa Mistika ya 1971 inaenda kama hadithi inayosimuliwa. Sikio linaifuata bila taabu. Ila nina angalizo kwa wasikilizaji: isikilizeni kwa hedifoni. Ina mambo mazito ya mwili na ya kifo, ndiyo maana iliwahi kuzuiwa shuleni, na si kitabu cha kufungulia spika jikoni watoto wakipita.

Nagona ya 1990 ni kinyume kabisa. Ni fupi, na usidanganywe na ufupi wake. Nilimrekodia mwenzangu kurasa za mwanzo akanipigia simu usiku: "Mdogo wangu, umeruka kurasa?" Sikuwa nimeruka. Kitabu chenyewe kinaruka. Kinatoka ndotoni kinaingia falsafani bila kubisha hodi. Kinahitaji uweke kidole mahali, utazame ukutani, urudi. Tulichofanya na mwenzetu ni kurekodi kurasa mbili mbili, kisha kupigiana simu. Ilichukua miezi, na yeye ndiye aliyekielewa kutushinda wote.

Na mashairi yake? Kichomi ya 1974 ilileta ugomvi mkubwa kati ya washairi wa vina na mizani na wale waliotaka shairi huru. Hapa ndipo tofauti ya jicho na sikio inapokuwa wazi kama mchana. Shairi la vina linajulikana likisikika: kina kinakuambia mstari umeisha. Shairi huru linajulikana likionekana: ni macho yanayokuambia mshairi amekata mstari hapa, ameacha neno moja peke yake pale. Nilipomsomea mwalimu wetu mstaafu shairi moja la Kichomi bila kumwonyesha, alisema ni insha nzuri. Nilipompa kitabu, alikaa nalo dakika tano, akasema, "Kumbe kuna kimya humu ndani." Shairi huru lisome. Ukilisikiliza, msikilize mtu anayejua kusimama.

Anayesoma ni nani?

Mengi yanategemea msomaji wa sauti kuliko kitabu. Msomaji mbaya huua kazi nzuri, na mwenye kitabu mkononi hana hatari hiyo. Mbaya anayeweza kumpata ni yeye mwenyewe. Kabla ya kununua rekodi yoyote, sikiliza dakika tatu za mwanzo. Je, anapumua penye nukta? Akifika kwenye methali anajua ni methali, au anaipita kama bei ya nyanya? Utendi akiusoma, vipande vinne vinasikika vinne?

Siku hizi kuna sauti za kompyuta zinazosoma maandishi ya Kiswahili. Zimenisaidia kwa magazeti, na kwa mtu asiyeona ni heri hiyo kuliko kukosa. Kwa nathari ya kawaida zinavumilika. Kwa Shaaban Robert zinachosha, na kwa tendi sizitaki, maana zinahesabu herufi na hazijui kituo.

Jambo lingine linanikera waziwazi. Sauti za vitabu vya waandishi walio hai husambazwa kwenye makundi ya WhatsApp bila ruhusa, na mwandishi hapati hata shilingi. Mwana Kupona hatudai kitu zaidi ya dua. Walio hai wana kodi za nyumba. Kama kitabu chake kipo dukani, kinunue, hata kama utakisikiliza kwa mwenzio.

Mkikutana kuzungumza

Ukiwa peke yako, chagua upendavyo. Kikundi kina mahitaji yake. Nimeona kwamba msikilizaji huleta hisia na huzikumbuka kwa wiki nyingi. Msomaji huleta ushahidi. Kikundi cha wasikilizaji watupu huishia kwenye "mimi nilihisi", na kikundi cha wasomaji watupu huishia kubishana juu ya ukurasa wa 34. Mkiweza, changanyikeni. Hakikisheni tu kuna nakala moja ya karatasi mezani, na aliyesikiliza asione haya kusema, "Nitafutie pale anapojitetea."

Kwa wenzetu waliolelewa nje, nimewahi kuongea na vijana wa Kizanzibari wa Muscat ambao Kiswahili wanakisema vizuri na kukisoma kunawachelewesha. Hao waanze na sikio bila wasiwasi, Bwana Msa akiwa wa kwanza. Mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani ashike kitabu, mtihani hauulizi sauti ilivyotetemeka.

Sisi Jumamosi ijayo tunaurudia Utendi wa Mwana Kupona. Shangazi mmoja wa Pangani, rafiki wa mama lishe wetu, anaujua karibu wote kwa moyo na amekubali kuja kutughania. Mwalimu alitaka tuweke simu katikati turekodi, na tutaiweka. Lakini katika ubeti uleule wa tatu, baada ya *ndoo mbee ujilisi*, mama yule wa Siu anamwambia bintiye aje na wino na karatasi. Basi tumeambiana kila mmoja aje na daftari, hata dereva, na mwenzetu asiyeona vizuri nitamwandikia mimi, kwa herufi kubwa.